Risasi Tatu kwenye Sahani ya Karatasi

Shemeji yangu Arvid Tollefson hajawahi kununua shabaha dukani hata moja. Ukimwambia zipo zinazouzwa, zenye duara jekundu na namba zilizochapwa vizuri, atakuangalia kana kwamba umemwambia kuna watu wanaonunua hewa. Namjua tangu alipomwoa dada yangu Marlys, miaka arobaini na miwili sasa. Ana mkono wa birika. Nasema hivyo mbele yake na yeye hukubali.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lori la maziwa. Kila alfajiri alizunguka mashamba ishirini na kitu ya bonde letu la Ostby, akavuta maziwa kutoka kwenye matangi ya wakulima na kuyapeleka kiwanda cha jibini. Mtu anayepita kwenye kila ua kila siku, theluji iwepo isiwepo, huona kila kitu kinachotupwa. Maboksi ya friji, magunia ya karatasi ya chakula cha ndama, paleti za mbao zilizovunjika mguu. Arvid alisimamisha lori, akashuka, akauliza, "Hiki mnakihitaji?" Wakulima wakazoea. Wengine walianza kuweka takataka zao karibu na tangi makusudi ili wasisumbuke kuzichoma.

Zote ziliishia bandani kwake, zikawa shabaha. Paleti alizipasua zikawa vijiti vya kuchomeka ardhini. Maboksi aliyakata vipande vya futi mbili kwa mbili, akavibana kati ya vijiti. Juu ya boksi alibandika sahani ya karatasi, zile tunazolia chakula kanisani siku ya karamu ya mavuno, kwa sababu pakiti zilizobaki zilipelekwa kwa Marlys na hakuna aliyewahi kuziulizia. Katikati ya sahani alipaka doa jeusi kwa masizi ya jiko yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia. Kwisha. Gharama yake ilikuwa pini nne za stepla, na hata hizo alizing'oa akajaribu kuzinyoosha.

Boksi halikutupwa. Risasi zikishalitoboa, Arvid alikoroga unga wa ngano kwa maji ya moto ukawa gundi, akachana gunia vipande vya ukubwa wa kidole gumba, akaziba kila tundu. Boksi moja lilimaliza misimu mitano mpaka likawa viraka vitupu. Kipupwe kimoja panya waliingia bandani wakala gundi yote na nusu ya maboksi. Marlys alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Tangu hapo Arvid hutia pilipili kwenye gundi yake, na mimi nikiishika huosha mikono kabla sijajikuna jicho.

Kitu kimoja hakukitumia kamwe, nacho ni chupa na makopo. Uwanja wetu wa shabaha ni malisho yaliyo nyuma ya banda lake, penye kilima kizima cha kupokea risasi, na ng'ombe wa jirani yetu Duane Bjork huchungwa humo kiangazi. Arvid aliwahi kumkuta ng'ombe wa Duane amekufa kwa kumeza kipande cha waya. "Ng'ombe hana akili ya kutema," alisema. Kwa hiyo siku za kucheza tu, tulipiga maboga yaliyooza, biskuti za chumvi zilizoning'inizwa kwa uzi, au vipande vya barafu alivyogandisha kwenye vikombe vya mtindi na kuvitia rangi ya keki. Kila alichokipiga kilipaswa kuyeyuka, kuoza au kuliwa na ndege. Watu walimcheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kufanya vivyo hivyo, na sasa ukipita bondeni kwetu wiki ya kwanza ya Novemba utaona sahani za kanisa kwenye kila malisho.

Lakini sahani haikuanza kwa ubahili. Ilianza kwa sababu yangu.

Mimi ni fundi seremala. Naweza kukata ubao ukaingia mahali pake bila nyundo, lakini bunduki ilikuwa ikinishinda. Nilikuwa na tabia ya kufumba jicho pale pale ninapovuta kifyatulio. Msimu mmoja wa kuwinda, nikiwa bado kijana mwenye kiburi, nilimpiga kulungu tumboni. Alikimbia. Arvid na mimi tulimfuata kwenye theluji siku mbili, damu tone hapa, tone pale. Siku ya tatu asubuhi tukamkuta kwenye kijito, amelala na bado yuko hai, anatutazama. Arvid ndiye aliyemmaliza. 

Novemba iliyofuata, Jumapili ya mwisho kabla ya msimu kufunguliwa, tulipotoka kanisani alichomeka boksi moja yadi mia kutoka bandani, akabandika sahani, akatuita sote tunaowinda pamoja.

"Risasi tatu," alisema. "Zote ndani ya sahani. Kifua cha kulungu, pale penye moyo na mapafu, si kikubwa kuliko hii. Asiyeweza hawindi, atapika."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Mbili zangu ziliingia, moja ikapita nje. Nikapika siku zote tisa za msimu. Kambi yetu ni nyumba ya magogo aliyoijenga babu yake Arvid juu ya kilima, na wanaolala humo msimu wa kulungu wanarudi jioni na njaa ya mbwa mwitu. Nilipika uji wa shayiri, nikapika viazi na nyama ya kusaga ya kuoka, nikamtukana Arvid kila nilipomenya kitunguu. Nilipika misimu minne. Wa tano nikatia zote tatu, na badala ya pongezi alinimiminia kahawa, akasema, "Umechelewa."

Ndiyo sheria mpaka leo. Nafasi ni moja, risasi tatu. Mpigaji haendi kuchukua sahani yake mwenyewe; anakwenda mwingine, anaileta mezani mbele ya watu wote. Kuchungulia shabaha kwa darubini hakuruhusiwi mpaka sahani ifike. Na yule anayekwenda, akikuta tundu nje ya sahani, analiziba hapo hapo kwa gundi na gunia, maana kopo la gundi linaning'inia kwenye kijiti, ili anayefuata akute boksi safi. Nimeziba matundu ya watu miaka zaidi ya thelathini.

Sasa nije kwenye macho yake.

Mwaka juzi, majira ya kuchipua, niliona madoa ya sahani za Arvid yamekuwa makubwa. Zamani doa lake lilikuwa kama sarafu. Likawa kama ngumi. Kufikia kiangazi, doa lilitoweka kabisa. Sahani zake mpya zilikuwa na mstari mnene mweusi kuzunguka ukingo, na mistari minne mifupi kutoka ukingoni kuelekea ndani, ambayo haikukutana. Katikati palikuwa peupe.

"Shemeji," nikamwuliza, "umeishiwa masizi?"

"Ni aina mpya."

"Aina mpya ya kulenga pasipo kitu?"

"Wewe lenga unavyojua," akasema, akaendelea kupaka.

Dada yangu ndiye aliyenieleza, jikoni kwake, akiwa amenigeuzia mgongo anaosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata. Daktari alisema sehemu ya katikati ya jicho la kulia la Arvid imekufa na la kushoto linafuata njia hiyo hiyo. Ukingoni bado anaona. Chochote anachokitazama moja kwa moja ndicho anachokikosa. "Akinitazama haoni uso wangu, Verlyn," alisema. "Anaona masikio. Miaka arobaini, na sasa ananijua kwa masikio." Halafu akalia, na mimi nikasimama pale nikiwa sijui mikono niiweke wapi. "Usimwambie nimekwambia," akasema.

Kwa hiyo nikaelewa zile sahani. Alikuwa akilenga kwa ukingo, anaisimamisha ile mistari minne sawasawa pande zote na kutumaini kwamba katikati ipo pale pale ilipokuwa siku zote. Karakana yangu iko ng'ambo ya barabara. Vuli yote nilisikia milio kutoka malishoni kwake, mitatu, kimya kirefu, mitatu tena. Hakumwomba mtu aende kumtazamia. Alikwenda mwenyewe, yadi mia kwenda, yadi mia kurudi, akipapasa sahani kwa vidole.

Tangu ana umri wa miaka kumi na miwili Arvid hajakosa msimu hata mmoja, isipokuwa miaka miwili aliyokuwa jeshini. Lori alishalikabidhi. Gari la nyumbani sasa anaendesha Marlys. Zilibaki zile siku tisa, na ili azipate ilimbidi afaulu mtihani wake mwenyewe. Nilijua hilo, Marlys alijua, na binti yao Janelle, anayekamua ng'ombe sabini na kupiga shabaha kuliko sisi wote, naye alijua. 

Jumapili ya risasi tatu ilipofika palikuwa na baridi kavu bila upepo. Arvid alichomeka boksi jipya, alilolikata siku moja kabla kutoka kwenye boksi la mashine ya kufulia ya Janelle. Marlys alileta kahawa na maandazi. Janelle alipiga wa kwanza, tatu ndani, zote ungeziziba kwa andazi moja. Duane alipiga wa pili, mbili ndani na moja imeng'ata ukingo.

"Hiyo iko nje," nikasema.

"Ukingo ni sahani," Duane akasema. "Kwako ukila, hulambi ukingo?"

"Mimi si mtu wa kulamba sahani."

"Muulize Marlys kama si mtu wa kulamba sahani."

"Ukingo ni sahani," Arvid akaamua, na yakaishia hapo. Mimi nikapiga tatu ndani, bila pongezi za mtu yeyote kama kawaida.

Arvid hupiga wa mwisho. Aliketi kwenye meza yetu, ambayo ni mlango wa zamani juu ya mapipa mawili, akaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mahindi. Alikaa muda mrefu. Akageuza kichwa kidogo, kama kuku anavyotazama punje. Akapiga. Akakaa tena, akapiga. Ya tatu aliingoja mpaka Marlys akaweka kikombe chini. Kisha akapiga, akafungua bunduki, akaiacha mezani.

"Nenda, Verlyn," akasema.

Nikaenda. Mbili zilikuwa ndani ya sahani, kuliani juu, zimekaribiana vizuri kabisa. Ya tatu ilikuwa nje, upande wa kushoto, upana wa vidole viwili kutoka ukingoni. Vidole viwili tu. Nilisimama pale nimewapa mgongo wote, nikamwona akilini Arvid, asubuhi ya Jumamosi ya kufungua msimu, amebaki jikoni na viazi huku sisi tunavaa mabuti. Penseli ilikuwa sikioni kwangu, inakaa hapo hata kanisani. Unene wake na wa risasi ya Arvid ni karibu sawa. Nikaitoa, nikaisukuma kwenye sahani karibu na yale matundu mawili. Halafu mkono wangu, bila kuniuliza, ukafanya kile ulichofanya miaka yote: ukachukua gundi na kipande cha gunia, ukaziba lile tundu la nje.

Nikairudisha sahani. "Tatu," nikasema.

Janelle alipumua kwa sauti. Duane akapiga mluzi. Dada yangu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Arvid aliipokea sahani bila kuitazama, akaitia ndani ya koti, na nakwambia sijawahi kuona uso wa yule mzee umelainika vile. Nilifurahi sana. Nilikuwa nimefanya wema na nilijisikia mwema, na nikaenda ndani nikala maandazi manne.

Ilikuwa kama saa nane mchana Marlys aliponiambia, "Arvid anakuita bandani."

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha kukamulia, boksi liko magotini. Hulihifadhi mwenyewe, hamwachii mtu. Kiganja chake kilikuwa kinatembea juu ya boksi polepole.

"Verlyn, leo nani alikosa?"

"Hakuna."

"Duane?"

"Ya Duane ilikuwa ukingoni. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema. Basi hiki kiraka ni cha nani?"

"Labda ni cha zamani," nikasema. Nilisema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye miaka sitini na sita.

"Boksi nimelikata jana." Akainua kidole. "Na gundi imeninata."

 Akatoa sahani kwenye koti. "Nionyeshe tundu la kwako."

Nikamwonyesha, maana hata hilo hakuweza kuliona. Nikamshika kidole nikakiweka juu ya tundu la penseli. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba vidole viwili si kitu, kwamba ningemfuata nyuma kila hatua msituni, kwamba sikuweza kukaa kambini nikimtazama anamenya viazi.

"Ningekwenda Jumamosi nikiamini naweza," alisema. "Ningemlenga mmoja kwa moyo mweupe, nikampiga tumboni. Wewe ndiye ungekuwa umempiga. Na ungelijua hilo peke yako."

Hapo hasira ikanipanda, kwa sababu alikuwa sahihi. "Wewe ulinipikisha miaka minne!"

"Nilikupikisha. Na katika miaka minne hukutoboa sahani kwa penseli hata siku moja."

"Nilikutukana kila siku."

"Nilisikia. Matusi hayakumdhuru kulungu."

Akasimama, akaliweka boksi mahali pake, akaniongoza ndani ya nyumba akigusa ukuta. Mezani walikuwa bado wanakunywa kahawa. Akawaambia yote kwa sentensi tatu, bila kuongeza wala kupunguza. Dada yangu alinitazama, sikujua kama atanipiga au atanikumbatia, na nadhani naye hakujua.

"Baba," Janelle akasema, "mbili kwenye sahani, kwa macho hayo. Nani kati yetu angeweza?"

"Sheria inasema tatu, Janelle."

"Sheria ni yako. Ibadilishe."

"Niliiweka kwa ajili ya Verlyn. Siwezi kuiondoa kwa ajili yangu."

Duane alikuwa anachungulia kikombe chake. "Sheria ni msumeno," akasema, "hukata mbele na nyuma." Hakulisema kwa mzaha.

"Na aliyetoboa sahani?" Marlys akauliza. "Yeye sheria inamsemaje?"

Kumbe haikusema chochote. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kudanganya. Arvid alifikiri kwa muda wa kumaliza andazi. "Adanganyaye atapika vilevile," akasema. Janelle akacheka kwanza, kisha akafuta macho.

Kwa hiyo Jumamosi ya kufungua msimu, Janelle na Duane walivaa mabuti, wakachukua bunduki zao, wakaingia gizani. Sisi wazee wawili tukabaki na jiko la kuni. Nilimwonyesha jinsi ya kukata vitunguu kwa kupapasa bila kujikata. Alikata vipande vikubwa kama vya kulisha farasi. Nikamwambia, akasema nitavila hivyo hivyo. Dirisha likaanza kupata weupe. Uji ulikuwa unachemka na yeye ndiye aliyeshika mwiko.

Mlio wa kwanza ulitoka upande wa kijito, mbali, kisha mwangwi wake. Arvid akaacha kukoroga. Tulisubiri wa pili. Haukuja.

"Janelle," akasema.

"Ndiyo. Moja tu."

"Moja inatosha." Alisimama vile akiwa ameelekea dirishani, uji ukaanza kushika chini, nikasikia harufu yake, nikauacha uungue. "Inaniuma, Verlyn," akasema. Miaka yote arobaini, sikuwahi kumsikia akisema kwamba kitu kinamuuma.

"Najua," nikamwambia, nikamsogezea chumvi.